IMAMU BUKHARI (R.A.) NA SWALI LAKE: HABARI HII IMETOKA KWA NANI?



 Katika ukurasa huu wa maisha ya wanavyuoni, safari hii tumemchagua Imamu Bukhari. Jina lake hamna asiyelijua. Lakini tulikuwa na sababu ya kumchagua, na ni vizuri tuieleze kwanza, ingawa haitupi sifa.

Katika sherehe yetu ya kufunga mwaka, mwanafunzi wetu mmoja alisimama mbele ya wageni akasimulia kisa cha Imamu Bukhari na mtu mwenye mnyama. Mnakijua. Imamu anasafiri siku nyingi kwenda kuchukua hadithi moja kwa mtu fulani. Anamkuta anamwita mnyama wake aliyemtoroka, amekunja pindo la nguo kana kwamba ndani mna nafaka. Imamu anatazama, anaona hamna kitu, basi anageuza safari yake na kurudi bila ya hadithi, kwa kuwa mwenye kumdanganya mnyama hakosi kumdanganya mwanadamu. Watu walitoa takbiri. Kisha mzee mmoja, babu wa mwanafunzi wetu, akatuuliza kwa upole kabisa: kisa hiki kimo katika kitabu gani?

Walimu tukatazamana. Mtoto alisema amekitoa katika intaneti. Tukaingia na sisi tukakikuta mahali pengi, maneno yale yale, hata nukta zile zile, kila mmoja amenakili kwa mwenziwe na hapana anayetaja kitabu. Tukarudi kwenye vitabu vya wasifu wake ambavyo wanavyuoni huvitegemea: Tarikh Baghdad cha Al-Khatib, Siyar A'lam An-Nubala cha Adh-Dhahabi, na utangulizi wa Fat'hul Bari wa Ibn Hajar. Hatukukiona. Maulamaa waliokichunguza kisa hicho kabla yetu nao wamesema hakina asili inayojulikana kwa Bukhari. Yaani tulimsifu mtu aliyetumia umri wake kuzikataa habari zisizo na isnadi, kwa habari isiyo na isnadi! Tuliona haya, na haya hiyo ndiyo iliyotukalisha chini kuandika.

Jina lake kamili ni Abu Abdillah Muhammad bin Ismail bin Ibrahim bin Al-Mughira Al-Ju'fi. Alizaliwa katika mji wa Bukhara, ambao leo umo katika nchi ya Uzbekistan, siku ya Ijumaa baada ya sala, mwezi 13 Shawwal mwaka 194 Hijria, sawa na 810 Miladia. Hakuwa Mwarabu kwa asili. Babu wa babu yake alikuwa Majusi, na Al-Mughira ndiye aliyesilimu mikononi mwa liwali wa Bukhara wa kabila la Ju'fi, ndipo ukoo ukapata nisba hiyo. Baba yake, Ismail, alikuwa mtu wa elimu aliyesikia hadithi kwa Imamu Malik, na alikuwa mfanyabiashara. Imepokewa kwamba alipokuwa anakufa alisema haijui katika mali yake dirhamu moja ya haramu wala ya shaka. Alifariki mwanawe akiwa mdogo, na kijana akalelewa na mama. Imepokewa vile vile kwamba alipofuka utotoni, mama yake akaomba dua sana mpaka Allah akamrudishia macho yake.

Akina mama mnaotusoma, tunaomba mlizingatie jambo hili. Imamu huyu ni zao la mjane aliyeitumia mali ya marehemu kumsomesha mtoto.

Alianza kuhifadhi hadithi akiwa na umri wa miaka kumi hivi, bado yumo chuoni. Alipokuwa na miaka 11 alihudhuria darsa ya mwalimu mmoja wa Bukhara aitwaye Ad-Dakhili. Siku moja mwalimu akasoma isnadi akisema Sufyan amepokea kwa Abu Zubayr, naye amepokea kwa Ibrahim. Mtoto akasema kwamba Abu Zubayr hakupokea kwa Ibrahim. Mwalimu akamkaripia. Mtoto akamwomba, kwa adabu, airejee nakala yake ya asili ikiwa anayo. Mwalimu akaingia ndani, akatazama, akatoka akamuuliza basi ni nani. Akajibu kuwa ni Zubayr bin Adiy. Mwalimu akachukua kalamu akasahihisha kitabu chake, akakiri kuwa kijana amesema kweli.

Tumezowea kumsifu mtoto katika kisa hiki, na anastahiki. Sisi tunamtazama na mwalimu. Angeweza kumfukuza, nani angemlaumu? Lakini aliinuka akaenda kutazama nakala.

Alipofika miaka 16 alikuwa amekwisha hifadhi vitabu vya Ibn Al-Mubarak na Waki'. Akenda kuhiji pamoja na mama yake na kaka yake Ahmad. Wao wakarejea nyumbani, yeye akabaki Makka kutafuta elimu. Kuanzia hapo maisha yake ni safari tu: Madina, Basra, Kufa, Baghdad mara nyingi, Sham, Misri, Balkh, Marw, Naysabur. Aliandika hadithi kwa masheikh zaidi ya elfu moja. Miongoni mwao ni Ahmad bin Hanbal, Ali bin Al-Madini, Al-Humaydi wa Makka, na Makki bin Ibrahim wa Balkh. Huyu wa mwisho alimfaa sana, kwa kuwa alikuwa mzee aliyewadiriki Tabiina. Kwa njia ya watu kama yeye, Bukhari alizipata hadithi 22 ambazo baina yake na Mtume (S.A.W.) mna watu watatu tu, ilhali imepita miaka zaidi ya mia mbili. Wanavyuoni huziita Thulathiyat.

Sasa tuingie katika kazi yenyewe. Katika zama zile habari zilikuwa nyingi kupita kiasi. Kila mji una wasimulizi, kila kundi lina hadithi inayolipendelea. Wako waliozua kwa makusudi, wako waliosahau, na wako watu wema kabisa waliochanganya maneno bila kujua. Huko kuchanganya ndiko kuliko na hatari zaidi, kwa sababu mtu akimwona msemaji ni mcha Mungu humwamini. Imamu Malik alisimulia kwamba aliwakuta pale Madina, kwenye nguzo za msikiti wa Mtume, watu sabini wakisimulia hadithi, watu ambao lau mmoja wao angekabidhiwa hazina ya Waislamu angekuwa mwaminifu, na hakuchukua kitu kwao, kwa sababu jambo hili halikuwa fani yao. Uaminifu wa mkono ni kitu kimoja. Kushika habari kama ilivyo ni kitu cha pili. Mpokezi anatakiwa awe navyo vyote viwili.

Lakini hata huyo mwenye vyote viwili huulizwa swali jingine: huyo unayesema amekwambia, ulikutana naye wapi? Hapa ndipo Bukhari alipokaza kuliko wenzake. Mwanafunzi wake Imamu Muslim aliona inatosha, mpokezi akiwa si mwenye kuficha dosari, kuwa wawili hao wameishi zama moja na kukutana kwao kunamkinika. Bukhari hakutosheka mpaka ipatikane dalili kuwa wamekutana kweli. Na utajuaje, na watu wenyewe wamekwisha kufa miaka mia? Utajua kwa tarehe. Ndiyo sababu, kabla ya Sahihi yake, alitunga kitabu kiitwacho At-Tarikh Al-Kabir. Alikianza akiwa kijana wa miaka 18 pale Madina, karibu na kaburi la Mtume (S.A.W.), akiandika katika usiku wa mbalamwezi. Humo mna wapokezi zaidi ya 12,000: nani alisikia kwa nani, wa mji gani, amekufa lini.

Tutoe mfano wa kazi ya tarehe, ingawa ni wa kabla ya Bukhari. Katika msikiti wa Hims, Sham, alikuja mtu akawa anasimulia hadithi kutoka kwa sheikh wao Khalid bin Ma'dan. Ufayr bin Ma'dan akamuuliza alimsikia mwaka gani. Akasema mwaka 108, katika vita vya Armenia. Ufayr akamwambia amche Mungu asiseme uongo, kwani Khalid alikufa mwaka 104, na tena hakupata kupigana Armenia kamwe. Yeye alikuwa akipigana na Warumi. Maswali mawili tu, lini na wapi, na hadithi zote za yule bwana zikaanguka.

Na ulimi wa Bukhari katika kuwapima watu ulikuwa na haya. Wenziwe wakisema fulani ni mwongo, yeye aghlabu husema mtu huyu ana la kuangaliwa, au kwamba wanavyuoni wamemnyamazia. Wajuzi wa fani wanaelewa kuwa maneno hayo laini, yakitoka kwake, ni mazito sana. Alikuwa akitaraji kukutana na Mola wake bila ya kudaiwa kuwa amemsengenya mtu. Wako wanaodhani kusahihisha habari ni ruhusa ya kutukana watu. Huyu hakudhani hivyo.

Ama Sahihi yenyewe, wazo lilitoka katika majlisi ya sheikh wake Ishaq bin Rahawayh, pale ilipotajwa kuwa ingefaa mtu akusanye kitabu kifupi cha hadithi sahihi tupu. Neno likamwingia moyoni. Alikaa nacho miaka 16. Imepokewa kwamba hakuweka humo hadithi ila alioga kwanza na kusali rakaa mbili. Alichagua katika riwaya 600,000, akaweka, kwa hesabu ya nakala zinazotumika leo, 7,563 pamoja na zinazokaririwa. Ukiziondoa zilizokaririwa hubaki kiasi cha 2,600.

Hapa tusimame, maana nambari hizi huwapoteza watu pande mbili. Wapo wanaosema: basi zile nyingine zote zilikuwa uongo! Si hivyo. Katika hesabu yao kila isnadi ni riwaya mbali, kwa hivyo neno moja lililopokewa kwa njia ishirini huhesabiwa ishirini. Na Bukhari mwenyewe alieleza kuwa ameziacha hadithi nyingi zilizo sahihi ili kitabu kisirefuke, na kwamba alikuwa amehifadhi sahihi 100,000. Upande wa pili ni wale wanaotuma ujumbe kwenye simu na kuandika chini yake neno moja tu: Bukhari. Mwulize, Bukhari katika kitabu gani? Imamu ana Sahihi, ana Al-Adab Al-Mufrad, ana Tarikh, na sharti zile kali aliziweka katika Sahihi peke yake. Hata ndani ya Sahihi mna riwaya alizozitaja kwenye vichwa vya milango bila ya isnadi kamili, nazo zina hukumu yake mbali. Basi jina la kitabu, mlango na nambari. Nambari nazo hutofautiana baina ya chapa na chapa, kwa hivyo ukiikosa usikimbilie kumwita mwenzio mwongo; tafuta kwa mlango. Ukiikosa na huko, mpelekee maalim wako. Kuisambaza ngoja kwanza.

Tunarudi Baghdad, kwenye kisa kingine maarufu. Watu wa hadithi wa mji ule walitaka kumjaribu. Wakachukua hadithi mia, wakahamisha isnadi ya hii kwenye matini ya ile, wakawagawia watu kumi, kila mmoja kumi. Majlisi ilipojaa wakaanza kumuuliza moja moja. Kila moja akajibu kuwa haijui. Wasiojua wakadhani ameshindwa, wenye kujua wakatazamana. Walipomaliza zote mia, akamgeukia wa kwanza akamwambia hadithi yako ya kwanza uliisema hivi, na sahihi yake ni hivi, na ya pili hivi, mpaka akazirejesha zote mia mahali pake kwa utaratibu ule ule waliozisoma. Watu wa elimu hawakustaajabia kuwa alizijua zile sahihi. Walistaajabia kuwa alihifadhi makosa yao mia kwa kusikia mara moja.

Na je, kisa hiki kimetoka wapi? Tumejifunza kuuliza. Kimetoka kwa Ibn Adiy, mwanachuoni aliyekufa mwaka 365 Hijria, ambaye alisema amekisikia kwa masheikh kadhaa wa Baghdad, bila ya kuwataja majina. Wako walioona kutotajwa majina ni upungufu, na wako walioona wingi wa masheikh hao unatosha. Sisi tunakisimulia pamoja na asili yake kama ilivyo, na tumewazuia wanafunzi wetu wasikisimulie bila ya kumtaja Ibn Adiy.

Sasa tumefika kwenye msiba wake. Mwaka 250 Hijria alihamia Naysabur. Watu walimiminika kumpokea, na sheikh mkubwa wa mji, Muhammad bin Yahya Adh-Dhuhli, aliwahimiza wanafunzi wake waende kumsikiliza. Siku hazikuwa nyingi, mtu akasimama katika majlisi akamuuliza kuhusu kutamka Qur'ani kwa ulimi, ni kitu kilichoumbwa au hakikuumbwa? Wakati huo fitina ya suala la kuumbwa kwa Qur'ani ilikuwa bado moto, Imamu Ahmad amepigwa kwa ajili yake. Bukhari alinyamaza. Yule akakariri mpaka mara ya tatu. Hapo akajibu kuwa Qur'ani ni maneno ya Allah hayakuumbwa, vitendo vya waja vimeumbwa, na kuwatahini watu kwa suala hili ni bidaa.

Yule mtu akatoka na neno jingine kabisa. Akatangaza kuwa Bukhari amesema matamshi yangu ya Qur'ani yameumbwa. Neno likazagaa mjini kama moto wa makuti. Adh-Dhuhli akalichukua, akatangaza kuwa anayehudhuria kwa Bukhari asihudhurie kwake. Watu wakamwacha, isipokuwa Muslim na Ahmad bin Salama. Muslim alizikusanya hadithi zote alizoziandika kwa Adh-Dhuhli, akamtwika hamali, akamrudishia mwenyewe. Barua zikaandikwa mpaka mji wa Rayy, na huko wanavyuoni wakubwa wawili, Abu Zur'a na Abu Hatim, wakaacha kupokea kwake. Bukhari alikana waziwazi, akasema anayemnasibishia tamko lile anasema uongo, akatunga na kitabu, Khalq Af'al Al-Ibad, kueleza analoliamini. Haikufaa kitu.

Tulipofika hapa tulikaa kimya kidogo. Watu hawa hawakuwa wajinga. Walikuwa mabingwa wa kupima wapokezi. Lakini habari ilipowafikia wamo katika hasira na hofu ya dini yao, walisahau kumwuliza mwenyewe, naye yuko hai.

Na yeye aliwafanyia nini? Fungueni Sahihi yake. Humo mna hadithi zipatazo thelathini alizozipokea kwa huyo huyo Muhammad bin Yahya Adh-Dhuhli. Hakuzifuta. Hakumtaja kwa jina lake mashuhuri, pengine husema Muhammad tu, pengine humnasibisha kwa babu yake. Wanavyuoni wamesema mengi juu ya hilo. Lakini Adh-Dhuhli alikuwa mkweli katika hadithi, na kwa Bukhari ugomvi haukuugeuza ukweli wa mtu kuwa uongo.

Akarudi kwao Bukhara. Walimpigia mahema nje ya mji, wakamrushia dinari na dirhamu na sukari. Haukupita muda, liwali wa mji, Khalid bin Ahmad, akamtaka alete vitabu vyake kasri kwake amsomee. Akajibu kwamba hawezi kuidhalilisha elimu kwa kuipeleka kwenye milango ya watawala. Mwenye haja naye na aje msikitini kwake au nyumbani. Imepokewa pia kuwa liwali alitaka darsa ya watoto wake peke yao, asiingie mwingine, naye akakataa kuwatenga watu. Basi liwali akatafuta watu wakaisema tena itikadi yake, akamtoa mjini.

Akaenda Khartank, kijiji kilicho jirani na Samarqand, alikokuwa na jamaa. Usiku mmoja, baada ya sala, alisikika akimwomba Allah amchukue, kwa kuwa ardhi imemwia finyu pamoja na upana wake. Mwezi wa Ramadhani ulikuwa ukielekea ukingoni. Watu wa Samarqand walimpelekea mjumbe wakimtaka ahamie kwao. Alikubali, akavaa kilemba na khufu zake za ngozi, akashikwa mkono kwenda kumpanda mnyama. Alitembea hatua kiasi cha ishirini, akasema wamwache, amekuwa dhaifu. Akaomba dua, akalala, akafariki. Ulikuwa usiku wa Idi ya kufungua, mwaka 256 Hijria, 870 Miladia, umri wake miaka 62 kasoro siku 13. Walimzika siku ya Idi baada ya adhuhuri, pale pale Khartank.